Mapumziko si Haki ya Mgeni Peke Yake

"Wazungu wako wangapi?"

Hilo ndilo swali tuliloulizwa mwezi wa Juni katika ofisi moja ya umma huko bara. Hatutaitaja ofisi hiyo, kwa kuwa nia yetu si kumfedhehesha mtu bali ni kulisema jambo ili lirekebishwe. Tulikuwa tumesimama mbele ya meza ya ndugu mtumishi pamoja na mama watoto na watoto wetu watatu, sote tumetoka Unguja kwa boti na basi, tukiomba kibali cha kuingia msituni na kupanda mlima. Ndugu yule alitutazama, akatazama mlangoni nyuma yetu kana kwamba wageni wenyewe wamebaki nje garini, kisha akauliza swali lake. Tulipomjibu kwamba hapana Mzungu, na kwamba wageni ndio sisi, alicheka kwa adabu akatuambia kuwa siku hiyo mtandao wa malipo haupatikani, hivyo tujaribu Jumatatu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu tulitakiwa tuwe njiani kurejea kazini.

Tumelitafakari sana swali lile tangu tuliporudi, na hatulioni kuwa lilikuwa tusi. Ndugu yule hakuwa mkorofi, alisema alichokizoea. Miaka nenda miaka rudi, waliopita mbele ya meza yake wakitaka kupanda mlima kwa ajili ya kujiburudisha walikuwa watu wa ng'ambo, na mwananchi aliyeandamana nao alikuwa mpagazi, mpishi au mwongoza njia. Kosa, basi, si la mtumishi mmoja. Ni kasumba iliyotuingia sote, wa bara na wa visiwani, viongozi na waongozwa, kwamba nchi yetu imegawanyika sehemu mbili: sehemu ya kufanyia kazi, ambayo ni yetu, na sehemu ya kupumzikia, ambayo ni ya wageni. Nasi tunaoandika haya hatuna budi kukiri kwamba tumefika umri wa miaka arobaini na ushei bila ya kuwapeleka watoto wetu mahali popote ambapo hapakuwa na harusi, msiba au mkutano wa Chama.

Tulikuwa tunakwenda Upare. Msomaji wa visiwani aliyepata kusafiri kwa basi kwenda Moshi au Arusha ameiona milima hiyo, pengine bila ya kulijua jina lake. Ukishaiacha Mombo, na Usambara ikawa nyuma yako, barabara hunyooka katika nyika kame ya mkonge na miiba, na mkono wako wa kulia huandamana nawe ukuta mrefu wa milima, saa nzima na zaidi, mpaka Same na kuendelea. Abiria wengi huwa wamelala. Reli waliyoijenga Wajerumani kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, nayo hupita chini ya ukuta huo huo, na treni ya abiria iliporejea katika njia hiyo mwezi Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa miaka mingi, watu wa Same waliipokea kama jamaa aliyetoka safari.

Same ni mji wa vumbi na jua. Anayeshuka basi hapo akaambiwa kwamba juu ya kichwa chake kuna msitu wa umande, wenye kuvu na mimea itambaayo juu ya kila gogo, atadhani anafanyiwa utani. Lakini ndivyo ilivyo. Pepo zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi, bahari yetu sisi, hubeba unyevu mpaka kwenye milima hiyo, zikaumwaga upande wa mashariki na kileleni, na zikishuka upande wa magharibi hazina tena kitu mkononi. Ndiyo sababu Mpare wa juu hulima migomba, kahawa na tangawizi, na ndugu yake wa bondeni, ambaye unaweza kumwona kwa macho ukisimama ukingoni, huhesabu matone. Mlima Shengena, ulio mrefu kupita yote katika Upare, una kimo cha meta 2,462, na msitu wa Chome unaouzunguka umeenea zaidi ya hekta 14,000. Humo mna ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika milima hiyo ya Upare ya Kusini. Sisi tunaojivunia kima punju wetu wa Jozani na popo wetu wa Pemba tunafahamu maana ya kuwa na kiumbe ambaye dunia nzima haina mwingine.

Baada ya kukosa kibali tulisali Ijumaa mjini Same, kisha tukapanda Land Rover kuukuu kwa barabara ya Mwembe inayojipindapinda kuelekea Mbaga. Tulikuwa tumeahidiwa malazi na mzee mmoja wa kijijini mwenye kibanda cha mbao ukingoni mwa msitu, nje ya mpaka wa hifadhi, katika shamba lake mwenyewe. Vyumba viwili, paa la bati, madirisha ya kufunga kwa komeo, taa ya chemli, choo cha shimo hatua thelathini kutoka mlangoni, na jiko la mafiga matatu nje chini ya banda. Maji yanatoka kijito kipitacho nyuma ya nyumba, baridi kiasi cha kuuma meno. Umeme hapana, na simu hushika mtandao pale tu mtu asimamapo juu ya jiwe fulani na kuelekea kaskazini, jambo ambalo watoto wetu walilichunguza kwa bidii siku ya kwanza na wakalisahau siku ya pili.

Hapa tulipata funzo ambalo hatukulitarajia. Mwenyeji wetu ni Msabato. Waadventista Wasabato waliingia Upare mwaka 1903, na huko ndiko mizizi yao katika Tanzania ilipoanzia. Walutheri nao wana makanisa ya siku nyingi katika milima hiyo, na Waislamu wako tele, mara nyingi katika ukoo mmoja na nyumba moja. Kwa hiyo kijiji kina siku tatu za ibada mfululizo. Sisi tulikuwa tumetoka kusali Ijumaa yetu; jua lilipotua Ijumaa hiyo hiyo mzee alituaga kwamba sasa Sabato imeingia, hatapika wala hatauza wala hatapokea senti ya mtu mpaka jua litue tena kesho. Lakini alikuwa ameandaa kila kitu mapema: kuni zimepasuliwa na kupangwa, maji yamejazwa, na chungu cha makande kimeiva na kufunikwa kwenye majivu ya moto. Mahindi na maharage, ndugu wa pure tuijuayo pwani, ila Wapare huyapika kwa subira tusiyokuwa nayo sisi. Mama watoto, ambaye alikuwa na wasiwasi juu ya nyama na namna ilivyochinjwa, alikuta mzee amekwisha kulifikiria hilo, na kwamba kuku wawili waliofungwa miguu kando ya banda walikuwa wanatungoja sisi wenyewe tuwachinje.

Tunalisema hili kwa kulinganisha. Mzee yule alifunga biashara yake kwa saa ishirini na nne kwa ajili ya Mungu wake, na hakuna mgeni wake aliyelala njaa wala kukosa pa kulala. Ofisi ya umma ilifungwa kwa ajili ya mtandao, na familia nzima iliyosafiri siku nzima ikakosa kuuona msitu wa nchi yake. Ndugu zetu watumishi wapime wenyewe ni nani kati ya hao wawili aliyejiandaa.

Kuhusu baridi, hatutaieleza kwa urefu kwa sababu mtu wa pwani hatatuamini. Inatosha kusema kwamba Juni ni kipupwe, na alfajiri ya Jumamosi mtoto wetu mdogo, alipouona mvuke ukitoka kinywani mwake, aliingia ndani akilia kwamba anaungua tumboni.

Tulikuwa tunafanya nini huko kwa siku mbili? Swali hilo tumeulizwa na makada wenzetu tangu tuliporudi, na wengine wamelisema kwa mzaha unaoficha shutuma: kwamba kiongozi akienda kukaa kibandani msituni bila semina, bila posho na bila agenda, huko ni kujitafutia ubwanyenye. Hatukubaliani nao. Ubwanyenye ni kukaa katika hoteli yenye hodhi la kuogelea kwa fedha za umma na kuiita safari ya kazi. Kukaa na watoto wako katika nyumba ya mbao isiyo na umeme kwa fedha yako mwenyewe ni jambo jingine kabisa, na sisi watu wa visiwani tulikuwa na mambo ya namna hiyo tangu zamani kabla hatujayasahau. Mvuvi wa Unguja na Pemba huenda dago, akajenga kibanda cha makuti katika kisiwa au ufukwe wa mbali, akakaa huko kwa kipindi cha bamvua na maji mafu, akala alichokivua. Wakati wa mpunga familia huhamia shambani, watoto wakakaa katika dungu kulinda ndege, na hapana hadithi inayokumbukwa kama ile iliyosimuliwa juu ya dungu. Kabla ya Ramadhani tunavunja jungu, tukatoka majumbani na masufuria yetu kwenda ufukweni au chini ya miembe. Basi kibanda kile cha Upare hakikuwa kitu kigeni kwetu. Kilikuwa dago la mlimani.

Waliokuwa na mazoea ya kuhamia mahali pa hewa njema kwa anasa ni wengine. Seyyid Barghash alijijengea Marahubi, Chukwani na Chuini. Marahubi iliungua mwaka 1899, na nguzo zake mpaka sasa husimama hapo mtu aendapo Bububu. Wajerumani walijenga Wilhelmstal katika Usambara, mji ambao leo ni Lushoto, wakaukimbilia kukwepa joto la pwani, na Waingereza waliowarithi nao wakaipenda baridi ile ile. Mtawala alijua kwamba akili iliyochoka hutawala vibaya. Tulipoiondoa serikali ya kikoloni tuliziondoa na zile alama zake, na ilikuwa haki kuziondoa. Lakini tuliichanganya anasa na mapumziko tukavitupa vyote kwa pamoja, kisha anasa ikarudi kwa mlango wa nyuma, na mapumziko yakabaki nje.

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitoa pale Arusha tamko juu ya wanyama na mapori ya nchi hii, akaahidi kwa niaba ya wananchi kwamba vitatunzwa ili hata wajukuu wa watoto wetu wavifurahie. Ahadi ile imetimizwa kwa nusu. Vimetunzwa. Mkomazi, ambayo lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini Same, ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, kilomita za mraba 3,245 zinazopakana na Tsavo ya Kenya. Faru weusi wamerudishwa humo kwa gharama na jasho kubwa. Lakini kuna watoto wa Same wanaokua wakiwa na tembo jirani bila ya kumwona ila anapovunja ua wa shamba la baba yao, na kuna watoto wa Nungwi na Kiwengwa ambao bahari iliyo mbele ya nyumba zao wanaitazama kupitia ua wa hoteli. Hao ndio wajukuu waliotajwa.

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu kwa Serikali. Mwananchi anayeingia katika hifadhi zetu hulipa kwa shilingi na hulipa kidogo sana kuliko mgeni. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mlango umefungwa kwa bei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huko bara humpa mfanyakazi saa ishirini na nne za mapumziko kila juma na siku 28 za likizo kila mwaka. Kwa hiyo hatuwezi kusema pia kwamba muda hakuna. Na filamu ya mwaka 2022 ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliigiza mwenyewe akiitangaza nchi imewavuta wageni kwa maelfu, jambo tunalolipongeza, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Tatizo liko katika mambo madogo ambayo hayamo katika hotuba. Hakuna ubao wa Kiswahili unaomwambia mwananchi aingie wapi, kwa kiasi gani, na alale wapi. Ofisi inayotoa kibali hufungwa siku zile mbili ambazo mfanyakazi hupumzika. Nyumba za mapumziko za umma ambazo zamani afisa wa wilaya alilala akiwa safarini, nyingi zimebomoka au zimegeuzwa maghala. Na panapojengwa pa kulala, hujengwa kwa kumfikiria mtu wa ng'ambo, hata kitanda kikawekewa chandarua cha maua na bei ya dola.

Kuna pingamizi moja tunalolichukulia kwa uzito, nalo ni la watu wanaoulinda msitu. Wao husema: tukiwaita wananchi msituni kwa wingi, msitu utakwisha. Tumetembea ukingoni mwa Chome siku ya Jumapili na mzee wetu, na tunaelewa hofu yao inatoka wapi. Kwa miongo kadhaa wapasuaji mbao waliingia humo kuutafuta mkulo, mti wenye mbao za harufu ya kafuri, wakachimba mashimo ya kupasulia katikati ya msitu wenyewe. Lakini watu hao hawakuwa familia zilizokuja na watoto wao. Waliingia usiku, kwa njia zisizopitwa, na wenye kuwafadhili walikaa mjini. Njia inayopitwa na watu wema kila Jumamosi ni njia isiyomfaa mwizi wa mbao. Tena mwenye kulinda kwa moyo ni yule aliyekipenda kitu, na hatujamwona mtu aliyekipenda kitu ambacho hajawahi kukiona.

Wapare wenyewe walilijua hilo kabla ya kuwapo kwa bwana misitu. Kila ukoo ulikuwa na mpungi, kichaka cha matambiko kisichokatwa kijiti, na kulikuwa na mshitu ambamo vijana waliingizwa kufundwa utu uzima. Msitu ulilindwa na mila za wale waliopita humo, wala si kwa ua. Vingi vya vichaka hivyo vimepungua, lakini ukisimama mahali pa juu unaweza kuviona vilivyosalia, mabaka meusi ya miti katikati ya mashamba.

Na tumeona ndiva. Hili ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare hulijenga kukinga maji ya kijito. Hujaa usiku, na asubuhi hufunguliwa yakatiririka katika mifereji mpaka mashambani, kwa zamu ambayo kila mtu anaijua na ambayo ugomvi wake huamuliwa na wazee. Likibomoka, hupigwa mbiu ya msaragambo na kijiji kizima hutoka na majembe. Mzee alituonyesha mahali maji yanapoingia, kisha akanyoosha kidole juu, kwenye mawingu yaliyoushika msitu, wala hakuongeza neno. Mabondeni, mji wa Same ulikaa miaka mingi na kiu chini ya milima hiyo, mpaka ukazinduliwa mwaka 2025 mradi mkubwa wa kuyatoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu kwa ajili ya Same na Mwanga. Mlima nao, ukikosewa, hauna msamaha. Mwezi Novemba 2009 mvua iliporomosha udongo katika kata ya Mamba Miamba, ukaua watu zaidi ya 20. Mtoto wa mjini anayeambiwa darasani kwamba tuhifadhi mazingira hulisikia neno hilo kama wimbo. Wetu walilisikia wakiwa wamesimama juu ya ukingo wa ndiva miguu ikiwa imelowa, na wa kati, ambaye shuleni hajapata kusifiwa kwa udadisi, aliuliza maswali mpaka mzee akaomba apumzike.

Katika utani wa nchi hii Mpare husemwa kwamba yuko tayari kumaliza ng'ombe mahakamani kwa kesi ya kuku. Sisi tulicheka pia, mpaka mwenyeji wetu alipotukumbusha Mbiru. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni na watemi wake walianzisha kodi mpya ya kukadiria mali ya kila mtu, nayo ndiyo iliyoitwa mbiru. Mwanzoni mwa mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakaenda kukaa Same, penye makao ya wilaya, wakakataa kurudi makwao. Na baadaye akina mama nao wakasimama. Kodi ile iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyekuwa miongoni mwa wanahistoria wakubwa wa nchi hii, aliyaandika hayo, na tungependa vijana wetu wa visiwani wayasome pamoja na historia yao wenyewe. Tulipita Same mara mbili katika safari hii. Mara ya kwanza tuliona stendi na vumbi. Mara ya pili tulikuwa tunautafuta uwanja ambapo wazee wale walilala.

Tunaziomba Serikali zetu mbili, na hasa wale wanaosoma safu hii wakiwa na kalamu ya kutia sahihi, zitende mambo ambayo hayahitaji mkopo. Ofisi za vibali vya misitu na hifadhi zifanye kazi Jumamosi na Jumapili, na watumishi wake wapumzike siku nyingine. Mtandao ukikatika, mtumishi awe na kitabu cha stakabadhi cha akiba, au aandike jina la mwananchi na kumruhusu aingie kwa ahadi ya kulipa. Nchi iliyomwamini mwananchi na kura yake haiwezi kushindwa kumwamini kwa shilingi elfu chache. Kila lango liwe na ubao wa Kiswahili wenye bei ya mwananchi juu kabisa, kwa herufi kubwa. Vijiji vilivyopakana na misitu visaidiwe kujenga vibanda vya kawaida kama kile tulicholala, kwa mbao za miti ya kupandwa na si za msitu wenyewe, na mapato yabaki kijijini; wala asiletwe mwekezaji wa kuvigeuza kuwa hoteli mara vitakapoanza kupendwa. Hili la mwisho tunalisisitiza kwa kuwa tumeona mara nyingi namna mambo yanavyokwenda.

Na upande wetu wa visiwani tusijifanye tumekamilika. Jozani ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na vijiji vinavyoizunguka hupata sehemu ya mapato, jambo ambalo bara wanaweza kujifunza. Lakini kuna watoto wa Mjini waliozaliwa na kukua mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapo na hawajamwona kima punju ila katika picha za matangazo. Msitu wa Ngezi kule Pemba ni hazina ambayo Mpemba wa Chake au Mkoani husikia sifa zake kwa watalii. Kwa nini pasiwe na vibanda vitatu vinne ukingoni mwa Ngezi, vya makuti na udongo, kwa ajili ya familia za Wete na Micheweni, na kwa ajili ya Wapare pia, ambao wengi wao hawajapata kuuona mkarafuu? Tulimwuliza mzee kama amewahi kuvuka bahari. Alijibu kwamba aliwahi kufika Tanga, akaitazama, akarudi.

Viongozi wenzetu watasema kwamba wana kazi nyingi. Tunaijua kazi yenyewe kwa kuwa ni yetu pia: vikao, ziara, vikao vya kutathmini ziara. Tunachoweza kuwaambia ni kwamba usiku wa Jumamosi, Sabato ilipokwisha, mzee alirudi na mkungu wa ndizi na mkewe na wajukuu zake, tukakaa kuzunguka mafiga mpaka chemli ikaishiwa mafuta. Binti yetu mkubwa, ambaye ana miaka kumi na minne na kwa mwaka mmoja alikuwa akitujibu kwa neno moja moja, alitusimulia habari nzima ya rafiki yake aliyeacha shule, jambo ambalo lilikuwa likimsumbua tangu Januari na ambalo sisi, mjumbe wa kamati ya shule hiyo hiyo, hatukuwa na habari nalo. Tumelifuatilia tuliporudi. Msichana yule ameanza tena masomo.

Kibali cha kupanda Shengena hatujakipata. Tumeandika barua kwa wanaohusika tukitaja tarehe tutakayokuja tena, mwezi wa Disemba, na idadi ya watu: watano, wote raia. Mzee naye tumempigia simu. Alikuwa amesimama juu ya jiwe lake, kwa hiyo sauti ilisikika vizuri. Hakutaka malipo ya mbele. Ameomba tumpelekee nazi kumi na kibaba cha karafuu, na nazi tumekwisha kuzinunua.